Herufi za Boti na Picha Zangu Dhahania

Wanaofika kwenye chumba changu cha kazi hapa Ujiji huuliza nilisomea wapi uchoraji dhahania, ule usioonyesha vitu kama vilivyo, na jibu langu huwakatisha tamaa kidogo, kwa sababu shule yangu ya kwanza ilikuwa ufukwe wa Kibirizi, nikimshikia mjomba kopo la rangi wakati akiandika majina kwenye boti za mizigo. Mjomba alikuwa fundi wa maandishi: boti, vibao vya maduka, hata milango ya malori. Alinifundisha kwamba herufi yenyewe si kazi kubwa. Kazi iko kwenye nafasi inayoachwa kati ya herufi moja na nyingine, kwani A na V zikiachiwa umbali uleule wa M na N, jina zima huonekana limekatika katikati. Nafasi hizo hakuzipima kwa rula. Alirudi nyuma, akafinya macho, akanyamaza, kisha akaisogeza alama ya chaki kidogo tu.

Picha zangu zimetoka kwenye nafasi hizo. Nilipoanza kuchora kwa ajili yangu mwenyewe, sikuvutwa na mvuvi wala mtumbwi, bali lile eneo tupu linaloamua kama vitu viwili vinaelewana au vinagombana. Baadaye nilipoziona kazi za Ibrahim El-Salahi, mchoraji wa Sudan aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930, nilitambua kwamba njia hiyo ilikuwa imekwisha kufunguliwa na mtu mwenye uwezo mkubwa zaidi. Alisoma katika chuo cha Slade, London, akarudi nyumbani mwaka 1957, akakuta kwamba kazi alizokuja nazo hazikuwagusa watu wa kwao. Ndipo akaigeukia hati ya Kiarabu, akazivunja herufi mpaka zikabaki maumbo, na ndani ya maumbo hayo zikajitokeza sura za watu na wanyama. Kwa mtoto wa Ujiji aliyepita madrasa, hilo halihitaji maelezo marefu.

Mnunuzi wa kwetu, hata hivyo, amezoea Tingatinga, mtindo wa picha za wanyama ambao Edward Saidi Tingatinga aliuanzisha Dar es Salaam mwaka 1968. Sina ugomvi nao. Rangi ile ya mafuta inayong'aa ndiyo hiyohiyo mjomba aliyopakia boti. Ninachokataa ni dhana kwamba picha isiyo na twiga haijamalizika.

Kuhusu vifaa, natandika kitambaa cha marekani kwenye fremu ya mbao, nakipaka gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, kisha rangi nyeupe ya ukutani. Tabaka linalofuata mara nyingi ni udongo mwekundu wa hapahapa, uliochekechwa kwa kitambaa na kuchanganywa na gundi. Wengi hunishauri nitumie mawese, kwa kuwa Kigoma hayakosekani, lakini mafuta ya kuchorea lazima yakauke: ya kitani hunyonya oksijeni ya hewani na kugeuka utando mgumu, ilhali mawese hayana tabia hiyo, hubaki mafuta tu, yakakamata vumbi na hatimaye kunuka. Kwa hiyo juu ya udongo natumia akriliki, rangi ya plastiki inayozimuliwa kwa maji, ambayo nayo ina hila yake, kwani ikiwa mbichi kiungio chake, yaani kile kinachoshikilia unga wa rangi, huwa na weupe wa maziwa, na ikikauka rangi huzidi giza. Rangi iliyokaa sawa asubuhi inaweza kuwa nzito mno mchana, na kusubiri huko ni sehemu ya kazi.

Picha niliyo nayo ukutani sasa ilianza na taa za wavuvi wa dagaa, zile zinazopangika ziwani usiku usio na mwezi. Niliziweka nukta za njano juu ya bluu iliyokolea, na zikawa nzuri kupita kiasi. Kila aliyeingia alizitambua papo hapo, akaacha kutazama. Nimezikwangua kwa kisu cha rangi na kuzisugua kwa msasa hadi udongo wa chini ukachomoza kwa mikwaruzo, na kilichobaki ni umbali kati ya taa na taa, usiolingana popote. Upande wa kulia, juu, bado pamejaa mno. Nimeigeuza juu chini ili jicho lisahau upeo wa maji, na hapo ndipo kosa linapoonekana wazi zaidi.

Ikikamilika haitaondoka Kigoma. Picha za akriliki peke yake nazikunja ndani ya bomba la plastiki na kuzipeleka Dar es Salaam kwa basi bila tatizo, lakini tabaka la udongo halikunjiki, hupasuka; na fremu ya upana huu, makondakta wa mabasi huitoza nauli ya abiria.