Nilivyoizungushia kwilti yangu ukingo wa pembetatu

Changamoto ya kikundi chetu cha kushona iko hivi: kila mtu anaanza na kitovu chake, yaani kipande cha katikati cha kwilti (blanketi la vitambaa vilivyoungwa), halafu kila mwezi linatoka agizo moja tu la ukingo unaofuata. La mbele hulijui. Agizo nililopambana nalo mimi lilikuwa fupi: ukingo wa vipande, uwe na pembetatu, na kila kipande kikishashonwa kiwe na upana wa inchi 3. Rangi na mengineyo, shauri yako.

Ukingo wa kitambaa kitupu hauna maneno mengi. Unapima, unakata vipande vinne virefu, unaunga. Ukingo wa vipande, ambao kwangu ni miraba midogo ya pembetatu mbilimbili, ni mbishi, maana upande wa kwilti lazima ugawanyike kwa kipimo cha kipande bila kubaki kitu. Kwa hiyo kabla ya kushika mkasi nilikaa na kalamu na karatasi, na nusu ya kazi iliishia hapohapo.

Nilitandaza kitovu, nikakipima pembeni na katikati, kwa upana na kwa urefu. Pembeni futi ilisoma inchi 38 na robo tatu. Katikati, 38 na nusu. Nikashika ya katikati. Pembeni kitambaa kimeshikwashikwa na kuvutwa na pasi, na ukikata ukingo kwa kipimo hicho unaurithi ule ulegevu. Ukija kuitandaza kwilti, kingo zinapiga mawimbi. Ukitoa robo inchi inayomezwa na mshono kila upande, inabaki 38 kamili. Igawe kwa 3: unapata 12, zinabaki inchi 2 zisizo na mwenyewe.

Dada mmoja kikundini akaniambia nishone tu mpaka mwisho wa upande, pembetatu ya mwisho niikate pale inapoishia. "Za zamani si ndivyo walivyozishona?" Hakukosea. Kwilti za kitovu na kingo za kuzunguka zilipendwa sana Uingereza na Marekani mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, na ukizitazama picha zake utakuta nyingi ambazo vipande vya ukingo vimekatwa bila haya kwenye kona. Zinapendeza hivyo hivyo. Ila mimi nilijua jicho langu lingekuwa linaenda kwenye ile kona kila mara, basi nikakataa.

Dawa yake ni ukanda mtupu wa kufidia, unaokaa kati ya kitovu na pembetatu na kukiongeza kitovu mpaka kifikie namba inayogawanyika. Nilikuwa na njia mbili. Kufika 39 kulihitaji ukanda wa nusu inchi tu kila upande, tena 39 inatoa vipande 13. Kufika 42 kulihitaji ukanda wa inchi 2, na vipande 14. Nilichagua 42 kwa sababu 14 ni shufwa: pembetatu 7 zinaelekea huku, 7 zinaelekea kule, zinakutana katikati ya upande, na kona zote nne zinafanana. Kwa 13 kimoja kingebaki katikati hakina mwenzake. Kingine, ukanda wa nusu inchi ni mtihani. Ukipinda hata kidogo unaonekana kutoka mlangoni.

Rangi ya ukanda niliilinganisha na usuli wa kitovu, hivyo haujulikani kama ni ukanda. Kitovu kinaonekana kimeelea. Nilikata viwili vya inchi 2 na nusu kwa 38 na nusu vya pembeni, kisha viwili vya 42 na nusu vya juu na chini.

Pande nne kwa vipande 14 ni 56. Kukata pembetatu mojamoja sikutaka, kwa sababu ukingo uliokatwa mshazari huvutika ukiutazama tu. Nilichukua miraba mikubwa ya inchi 8, 7 ya samawati iliyokolea na 7 myeupe, nikaipanga miwilimiwili uso kwa uso. Unachora mistari miwili kutoka kona hadi kona, unashona robo inchi kila upande wa kila mstari, kisha unakata: katikati kwa wima, katikati kwa ulalo, na juu ya ile mistari. Jozi moja inatoa vipande 8. Hesabu kamili inataka mraba wa inchi 7 na robo tatu, lakini ile robo ya ziada niliiacha makusudi ili nipunguze kila kipande kwa rula hadi inchi 3 na nusu. Kupunguza kunachosha, sitaficha. Nilifanya huku nasikiliza redio.

Kabla ya kuunga safu nzima niliunga vipande vitatu nikapima: lazima visome inchi 9 na nusu. Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Kila kipande kikipungua 1/16 ya inchi, kitu ambacho kwa jicho hukioni, vipande 14 vinakupunguzia 7/8 ya inchi, na safu haifiki mwisho. Nashona robo inchi kasoro uzi mmoja, maana mkunjo wa mshono nao unakula nafasi. Mishono ya safu niliifungua kwa pasi pande zote mbili ili isijae, nikiikandamiza pasi bila kuisukuma.

Kuunganisha safu na kitovu: nilikunja kila kimoja nusu, kisha robo, nikatia alama, nikabana pini kwenye alama kwanza ndipo nikajaza katikati. Safu ya pembetatu naiweka juu, niione. Nyuma ya kila ncha mishono inakutana na kufanya alama ya mkasi. Sindano ikipita uzi mmoja nje ya makutano hayo, ncha inabaki kali. Upande mmoja safu ilikuwa ndefu kidogo, huo niliugeuza ukae chini, kwa kuwa meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini na kumeza ulegevu mdogo. Pande mbili zilitangulia. Safu za juu na chini nilizitia miraba mitupu ya inchi 3 na nusu kwenye ncha, hiyo ndiyo kona.

Mwisho nilizungusha mshono mmoja thumuni ya inchi kutoka ukingoni, mishono isifumuke wakati kwilti inasubiri mwezi ujao. Ikasoma inchi 48 na nusu, yaani 48 itakapokwisha, namba inayogawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12. Agizo jipya limeshatoka: vipande vya inchi 4. Ni 12 kila upande, bila ukanda wa kufidia, na miraba nimeshaanza kuikata.