Rangi ya 1965

Wiki nzima nimekuwa nikiichakaza karatasi ambayo haijachakaa. Kwenye kompyuta si kazi: rangi unazipunguza hadi zibaki tatu, unatia hudhurungi ya chai ya maziwa, unauchuna wino pembeni, na rangi moja unaisogeza nje ya mstari kidogo, ionekane kama mtambo wa zamani uliteleza.

Bango lenyewe ni la Feisal, timu ya kandanda ya Mombasa, mabingwa wa ligi ya taifa ya Kenya mwaka 1965. Ligi ndiyo kwanza ilikuwa na msimu wa tatu, na ubingwa ukaja kisiwani kwetu. Bandari, timu yetu ya siku hizi, wameshachukua kombe la Shield mara mbili, 2015 na 2019, lakini ligi bado yawapiga chenga. Ndiyo maana wazee wakiitaja Feisal huinua kidevu.

Leo alasiri nikalichapa nakala moja, nikalipeleka Mji wa Kale, kwenye baraza ninayokunywaga kahawa. Ami mmoja, ambaye utotoni alikuwa akitoroka chuoni kwenda kuitazama timu hiyo, akalishika, akalisogeza mbali na macho, akalirudisha.

"Mwanangu, hili liliingia maji?"

Nikamweleza: ni mtindo tu, Ami, lionekane la zamani.

"La zamani kwako wewe. Siku ile jezi ilikuwa mpya. Juani yaumiza macho!"

Nikakosa jibu. Picha zote nilizozitegemea ni nyeusi na nyeupe, na mimi, mtu mzima wa kuchora kwa riziki, nikaamini kwamba hata watu walikuwa hivyo.

Akamtuma mjukuu ndani. Ikaletwa leso kuukuu ya marehemu mkewe, imefuliwa hata jina halisomeki. Ami hakuitazama sehemu ile iliyopauka. Akaufumua upindo ulioshonwa, nyuzi mbili tatu tu, akanionyesha kilichokunjwa ndani.

"Ni hii hii. Usinizidishie, usinipunguzie."

Usiku huu nimefuta vumbi, madoa na mikunjo. Mpira wa ngozi wenye kamba nimeuacha. Ami asema ukikulenga kipajini wajua umepigwa. Ila rangi imenishinda. Nilipiga picha kwa simu, na simu imeigeuza ikawa nyingine kabisa. Kesho nitarudi kumwomba aniazime leso yenyewe nimpelekee fundi wa chapa, akoroge wino akiitazama. Sijui nitaanzaje kuomba.