Usiku wa namba 88

Ilikuwa mwaka 2021, siku ya saba tangu dada aanze homa ya korona. Oksimita, kile kifaa kidogo cha kupimia oksijeni ya damu, niliyombana kidoleni ikaonyesha asilimia 88. Mtu mzima mwenye mapafu salama husoma 95 hadi 100; chini ya 90 ni dharura.

"Mbona mimi niko sawa tu, mdogo wangu?" aliniuliza, bila kuhema.

Kabla ya kupiga simu nikavitazama vidole vyake. Kifaa kile hupenyeza mwanga mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, kisha hukadiria oksijeni kutokana na kiasi cha mwanga kilichonyonywa na damu. Kikizuiwa mwanga, au damu isipofika vizuri kidoleni, kinadanganya. Dada alikuwa na rangi nzito kwenye kucha, na vidole vilikuwa baridi kwa sababu madirisha nilikuwa nimeyaacha wazi tangu asubuhi ili virusi visirundikane chumbani. Nikafuta rangi, nikamsugua viganja mpaka vikapata joto. Akakaa wima, mkono umetulia juu ya mto, usawa wa kifua. Tukangoja dakika nzima, maana namba za mwanzo hurukaruka, na wengi huandika hiyo ya kwanza. Ikatulia kwenye 95.

Hapo ndipo ningeweza kwenda kulala. Isitoshe, mjomba alikuwa ametutumia ule ujumbe uliozunguka tangu Machi 2020: bana pumzi sekunde 10, usipokohoa huna kirusi. Dada alibana 15, akacheka. Kipimo cha bure kabisa, na hakipimi kitu: mgonjwa kijana hukifaulu, mvutaji sigara asiye na kirusi hukifeli.

Nikamwomba atembee hatua 40 humo chumbani, oksimita ikiwa kidoleni. Ikashuka hadi 91. Kushuka kwa pointi 3 au zaidi ni dalili kwamba mapafu yameishiwa akiba, hata kama mgonjwa anapiga soga. Kinachomfanya mtu ahisi kukosa pumzi hasa ni kaboni dioksidi kuzidi mwilini, na hiyo mapafu yake yalikuwa bado yakiitoa. Tena ngozi yetu ni nyeusi, na vifaa hivi huelekea kuonyesha namba ya juu kuliko hali halisi kwa watu weusi. Hiyo 91 sikuiamini hata kidogo.

Hatukungoja kupambazuke. Sote tulivaa barakoa, vioo vya gari tukavishusha, yeye akakaa nyuma, upande usio wa dereva.

Hospitalini muuguzi aliuliza kwanza homa ilianza lini. Nikampa daftari: joto, oksijeni na mapigo ya moyo, mara tatu kwa siku, kila mstari na saa yake. Akapitisha kidole kwenye safu ya oksijeni, 97, 97, 96, 95, kisha akamvisha dada kifaa chake mwenyewe.

"Niko sawa," dada akasema.

Kikasoma 90.