Sukari ya Sokoine

Nilikuwa na miaka minne nilipomuua Waziri Mkuu. Siri hiyo nilikaa nayo mpaka darasa la tatu, sikumwambia mtu, wala sikuthubutu kumkumbusha Bibi, ambaye ndiye aliyekuwa shahidi pekee.

Tulikuwa tukikaa Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Nyumba yenyewe ilikuwa ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, halafu unatokea uani kwenye jiko, choo na mbilimbi mmoja uliozaa mwaka mzima. Nayasema haya kwa uhakika kwa kuwa nyumba bado ipo. Ya siku ile ndiyo yenye mgogoro.

Watu wazima wa wakati ule hawahitaji kusimuliwa hali ilivyokuwa. Sabuni shida, khanga shida, dawa ya meno shida, betri za redio shida. Unga ulikuwa wa yale mahindi ya njano, watu wakauita unga wa Yanga, na Mjomba, Simba damu, alikuwa akila ugali wake amenuna kama aliyefungwa goli dakika za majeruhi. Mwaka 1983 Sokoine, akiwa Waziri Mkuu kwa mara ya pili, akaanza kupambana na wahujumu uchumi. Bidhaa zilizofichwa zikaanza kuonekana: nyingine zikatolewa maghalani, nyingine chini ya vitanda, na nyingine wenyewe walizitupa usiku wasikutwe nazo. Waliokamatwa kwa haki na walioonewa walikuwemo wote, lakini Bibi hakuwa na habari na mambo hayo. Alichojua yeye ni kwamba balozi wa nyumba kumi alipita na daftari lake, Mama akaenda kwenye foleni tangu alfajiri (watu walikuwa wakipanga mawe na kandambili mbovu kushikia nafasi), na adhuhuri akarudi na kilo mbili za sukari.

Tangu siku hiyo sukari ya nyumbani kwetu ikawa na mwenyewe. "Usiguse sukari ya Sokoine." "Nani katia kidole kwenye sukari ya Sokoine?" Mgeni akija chai yake ilitiwa kijiko kimoja, Bibi akisema, "Mshukuru Sokoine, baba." Mimi nikaelewa nilivyoelewa: yuko mzee mmoja anaitwa Sokoine, sukari ni yake, ametuwekea amana, na iko siku atakuja kuichukua.

Ilikaa ndani ya kopo la Kimbo, juu ya rafu ya jikoni, pembeni ya chumvi. Kimbo yenyewe ilikwisha kabla sijazaliwa.

Jioni ile, au mchana, Bibi alikuwa uani kwenye jamvi akisuka ukili. Ukili ukishanoga haachi. Vidole vinakwenda, midomo inanung'unika uradi, na ukipita nyuma yake hakuoni. Nilipita nyuma yake. Jikoni niliikuta mbuzi ya nazi imekaa chini ya rafu, nikaona ngazi ndiyo hiyo. Aliyewahi kupanda mbuzi anajua kwamba haikutengenezwa kwa ajili hiyo: miguu yake imepishana kama mkasi, na mbele umetokeza ule ulimi wa chuma wenye meno. Niliweka mguu mmoja kwenye kibao, wa pili ukawa hauna pa kukaa. Nikanyoosha mkono, ncha za vidole zikafika kwenye kopo, likasogea kidogo, likasogea tena, likawa linanijia.

Sauti siikumbuki. Nakumbuka sukari. Haikuwa nyeupe, ilikuwa na rangi ya mchanga wa pwani ambao maji yametoka kuuacha sasa hivi, nayo ilimwagika polepole kuliko inavyowezekana kitu kumwagika. Ilijaza ule ufa wa sakafu uliotoka mlangoni mpaka kwenye mafiga, nikawa nautazama ufa unavyobadilika rangi kama mfereji unaopata maji. Nilipiga magoti nikajaribu kuirudisha kwa viganja. Nyingine ikanasa magotini. Nikalamba goti. Kisha nikaona wenzangu wameshafika: sisimizi, mstari mmoja mwembamba kutoka ukutani, wanakwenda bila haraka, kila mmoja akifika anabeba punje yake na kugeuka. Nikasahau kosa langu. Nilikaa nikiwatazama mpaka kivuli kikaingia mlangoni.

Bibi alisimama pale na ukili wake mkononi. Hakunipiga. Ingekuwa Mama ningepigwa na mambo yakaishia hapo, pengine nisingekuwa na cha kusimulia. Bibi alisema, "La ilaha illallah," akachuchumaa, akaanza kuizoa kwa ukingo wa kiganja akiitia kwenye ungo. Akaipepeta kama mchele. Mchanga haukutoka. Akaniangalia, akasema kwa ile sauti ya mabibi wanaotania wajukuu wao wa kiume, sauti ambayo mtoto hana namna ya kujua kuwa ni ya utani:

"Haya, mume wangu. Sokoine akija tutamwambia nini?"

Usiku ukaingia. Koroboi imewashwa, redio iko juu ya meza ndogo ukumbini imefunikwa kile kitambaa cheupe Mama alichokifuma kwa uzi na sindano, na redio inapiga nyimbo za huzuni. Kisha sauti ya mwanamume. Baadaye nilikuja kujua kwamba ni ya Mwalimu Nyerere, kwamba ndiye aliyewatangazia wananchi msiba ule jioni ya Alhamisi, 12 Aprili 1984. Wakati ule kwangu ilikuwa sauti tu, iliyokuwa ikikwamakwama. Katika yote aliyosema neno nililolitambua lilikuwa moja.

Mama akaketi sakafuni pale pale aliposimama. Bibi akavuta khanga yake ikamfunika uso wote, mabega yakawa yanapanda na kushuka chini ya khanga. Mjomba aliweka mkono kichwani na kuusahau huko. Ng'ambo ya ukuta mama wa jirani alipiga ukelele, ukajibiwa na mwingine mbali zaidi, na mwingine, mpaka ikawa mtaa mzima unalilia jina lile lile.

Nikaelewa. Sokoine amepata habari za sukari, na habari zimemuua.

Niliingia chini ya kitanda cha Bibi. Kulikuwa na harufu ya ukili mkavu na ya sanduku lake lenye udi. Nilisikia wakiniulizia, nikasikia Mjomba akisema ataniangalia kwa jirani, nikanyamaza. Goti langu lilikuwa linanata. Nilipoamka alfajiri nilikuwa bado huko chini, na juu ya goti walikuwa wametembea sisimizi wanne au watano. Sikuwapangusa. Niliona ni haki yao.

Darasa la tatu, mwalimu wetu wa siasa akatueleza kwamba Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, mkoani Morogoro, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Darasa likawa kimya. Mimi nilihisi kama mtu aliyekuwa amebeba gunia akaambiwa liweke chini. Lakini mtoto aliyezoea hatia haiachi hivi hivi. Nilikaribia kunyoosha kidole niulize: saa ngapi? Maana kama gari liligongana saa kumi, nami nilipanda mbuzi saa tisa, bado tuna mazungumzo.

Bibi alifariki nikiwa tayari mtu mzima. Kwenye arobaini yake, wageni wameshaondoka na masufuria yanasuguliwa uani, tukakaa ukumbini tukimsimulia, na ndipo nikaitoa kwa mara ya kwanza. Walicheka mpaka Mjomba akakohoa. Kisha Mama akajifuta macho, akasema:

"Lakini mwanangu, siku ile redio yetu haikuwa na betri."

Nikamuuliza redio ipi basi iliyokuwa ikisema.

"Ya jirani. Tulikwenda wote kukaa barazani kwake. Wewe ulikuwa umelala mapajani mwangu, hukusikia neno."

Na sukari? Sukari ni kweli niliimwaga, alisema, na mbuzi ni kweli niliipanda, ila ilikuwa wiki kadhaa kabla. Siku ya Sokoine ndani hamkuwa na sukari hata punje. Uji wa asubuhi ulinywewa na chumvi. Hapo Mjomba akaruka. Betri zilikuwepo! Alizianika mwenyewe juu ya bati kutwa nzima, zikapata moto kidogo, na redio ikasema hapa hapa ukumbini mpaka usiku. Mama akasema betri za kuanika zilikuwa za mwaka mwingine. Mjomba akasema yeye ndiye aliyepanda kwenye bati au ni Mama? Wakagombana kuhusu betri zilizokufa miaka ishirini nyuma, na mimi na mauaji yangu tukasahauliwa kabisa.

Aliyeweza kuamua ndiye huyo tuliyekuwa tukimsomea arobaini.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile. Wanasaikolojia wanasema watu wazima wengi hawana kumbukumbu yoyote ya kabla ya miaka mitatu hivi, na kwamba zile za mwanzo mwanzo huwa zimechanganyika na tuliyosimuliwa na wakubwa. Inawezekana kabisa. Inawezekana nimeshona siku mbili zikawa moja, nikatia redio ya nyumba moja kwenye ukumbi wa nyumba nyingine. Hata ile sauti ya Mwalimu ikikwama, nimeisikia mara nyingi mno ikirudiwa ukubwani, siwezi kuapa kwamba niliisikia utotoni. Haya yote nawaachia Mama na Mjomba wagawane. Sisimizi siwatoi. Hakuna aliyenisimulia sisimizi, kwa sababu chini ya kile kitanda hapakuwa na mtu mwingine wa kuja kusimulia.

Binti yangu sasa ana miaka minane. Tunakaa Dar es Salaam, na simu yangu imejaa picha zake: anakata keki, yuko Saadani anamtazama twiga, yuko Pangani amevalishwa kofia ya bibi yake inayomfunika macho. Nyingine nilizipiga, nakiri, nikiwa nawaza kwamba hii atakuja kuikumbuka. Juzi jioni tukiwa tunasubiri umeme urudi nikamuuliza kitu cha kwanza kabisa anachokikumbuka maishani mwake ni kipi. Nilitegemea twiga.

"Siku ile Magufuli alipokufa," akasema.

Nilipiga hesabu haraka. Machi 2021. Alikuwa na miaka minne. Usiku ule Mama Samia, Makamu wa Rais wakati huo, alipotokea kwenye televisheni kutangaza, yeye alikuwa amelala zamani.

"Unakumbuka nini?"

"Katuni hazikuwepo. Ukibadilisha, watu wanaimba kwa huzuni. Ukibadilisha tena, watu wanalia. Nikaja jikoni kukuambia remoti imeharibika." Akanyamaza kidogo. "Na wewe ulikuwa unalia."

"Mimi?"

"Ulikuwa umenipa mgongo, halafu ukageuka, machozi yanatoka mpaka huku." Akajigusa kidevu. "Nikajua ni kweli. Nikaenda kukaa kimya."

Siku ile nilikuwa napika pilau. Nakumbuka vizuri, kwa sababu mama yake alikuwa safarini na ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nakata vitunguu, kilo nzima, kwa kisu kibutu.

Nilifungua mdomo nimweleze. Gizani nilimwona amekunja miguu, kidevu juu ya magoti, ananitazama kwa namna ya mtu aliyekutunzia kitu miaka minne na sasa anakurudishia.

"Baba, si ulilia?"

"Nililia," nikasema. "Kidogo."