Simu Iliyotumbukia Kwenye Ndoo ya Samaki

Mama mmoja muuza samaki wa Feri alifika kwenye meza yangu, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, asubuhi moja ya masika, ameshika mfuko wa mchele. Ndani yake kulikuwa na simu ya tachi. Jana yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya bahari.

“Fundi, mtaji wangu wote umo humo.”

“Shikamoo mama. Hela haimo kwenye simu.”

Nikachomoa laini, nikaifuta, nikaitia kwenye kitochi changu. Akabonyeza *150*00# ya M-Pesa na namba yake ya siri, nami nimegeukia pembeni. Salio likaja kamili. Ndipo akakaa.

Nikamuuliza kama waliichaji. Mwanawe aliichomeka usiku kucha, na hilo ndilo lililoniumiza. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Umeme ukipita humo, shaba ya bodi inaliwa na kugeuka ukungu wa kijani. Mchele hauondoi chumvi, unaacha vumbi kwenye tundu la chaji. Ilitakiwa betri ichomolewe palepale Feri, kisha simu isuuzwe kwa maji safi ya bomba. Watu hushtuka kusikia hivyo, lakini chumvi haiyeyuki vizuri kwenye spiriti. Maji kwanza, spiriti baadaye.

Nikaifungua. Pini za tundu la chaji zilikuwa kijani tupu. Nikang'oa vifuniko vya bati, maana chumvi hujificha chini yake, nikasugua bodi kwa mswaki laini na maji ya betri yasiyo na asidi, mara tatu, halafu spiriti ya asilimia 99. Thina siitumii: inakula plastiki na gundi. Nikaikausha kwa hewa ya vuguvugu.

Nikaweka mita kati ya chanya ya betri na hasi. Ikalia: shoti. Nikaingiza volti 1 tu kutoka pawa saplai, nikapaka spiriti juu ya bodi, nikakodoa macho. Penye shoti hupata joto, kwa hiyo spiriti hukauka hapo kwanza. Ilikauka juu ya kapasita moja, kidude cha kutuliza umeme, ndogo kuliko punje ya mtama, karibu na soketi ya betri. Nikaing'oa. Kwenye njia ile zipo nyingine zinazofanya kazi hiyohiyo, simu haikosi kitu. Mita ikanyamaza.

Tundu jipya la chaji, betri mpya, ikawaka.

“Imepona, mwanangu?”

“Imewaka, mama. Kupona sikuahidi.” Chini ya prosesa mswaki haufiki, na chumvi iliyobaki huko huendelea kula taratibu. Majina mengi yalikuwa kwenye simu yenyewe, si kwenye laini. Akatoa daftari lake la madeni, akafungua kurasa za nyuma. Nikaanza kumsomea namba, za wavuvi kwanza.