Supu ya Siku ya Pili

Nililitaka mwenyewe. Kila sikukuu tulikuwa tunakula kwa kaka yangu mkubwa, na kila sikukuu nilirudi nyumbani nina la kusema: nyama imekauka, chumvi imezidi, watu tele kwenye meza ya watu sita. Mke wangu akachoka kunisikiliza. "Basi mwaka huu karibisha wewe," aliniambia. Nikakaribisha watu 16.

Nikanunua bata mzinga wa kilo 8, mgumu kama jiwe kwa barafu, nikamwingiza kwenye friji siku mbili kabla ya sikukuu. Hesabu yake sikuijua. Ndege wa ukubwa ule anataka siku nne kwenye friji ndipo barafu imtoke hadi ndani, yaani karibu siku nzima kwa kila kilo mbili. Asubuhi ya sikukuu nilipotia mkono tumboni nitoe shingo na firigisi, vidole vilikutana na barafu. Nikamwaga maji baridi, nikavuta, vikatoka kwa shida, nikavitia kwenye kibakuli na kuvirudisha friji. Bata mwenyewe nikamsukuma kwenye oveni hivyo hivyo, nikijiambia moto utamaliza.

Ulimaliza kweli. Kila nilipochoma kisu kwenye kiungo cha paja maji yalitoka mekundu, nami nikamrudisha. Huku paja likisubiri barafu ya ndani, kidari kilikuwa kimeiva kitambo na bado kinaendelea kuiva. Alipotoka alipendeza machoni, ngozi rangi ya asali, na mapaja yalikuwa mazuri, sitajidharau kwa yote. Kidari ndicho kilichoniumbua. Kilikatika nyuzi nyuzi kama kamba kuukuu. Wageni walikula kwa adabu, na adabu ya mgeni aliyeshindwa naijua: anaomba mchuzi mara ya tatu.

Na wageni wenyewe hawakutimia. Saa moja kabla ya chakula kaka alipiga simu kwamba mtoto wake wa mwisho ana homa, hawaji: yeye, mkewe na watoto wanne. Nilimwambia pole, lakini sauti yangu haikuwa na pole ndani yake. Jirani mmoja naye akaghairi. Tukala watu 9, jioni ikatukuta na bata mzinga ambaye nusu yake haijaguswa, na mimi na hasira zangu. Moyoni nilikuwa na hakika kwamba homa ile ilikuwa ya kaka, homa ya kutotaka kula kwangu.

Nyama niliichambua mifupani kabla saa mbili hazijapita tangu ishuke motoni, nikaitandaza kwenye mabakuli mawili mapana yasiyo na kina ili ipoe upesi, nikaitia friji. Kiunzi cha mifupa nikakizungushia foili, nacho kikaingia rafu ya chini. Hilo peke yake nililifanya sawasawa siku ile, na si kwa akili zangu. Shangazi alikuwa amekaa jikoni ananihesabia muda.

Shangazi alipika zaidi ya miaka ishirini kwenye jiko la bweni, kwa sufuria ambazo mtoto angeweza kujificha ndani. Alistaafu, ila mikono haikustaafu. Hadi leo hajui kupika chakula cha watu wawili, na akiona mtu anamenya karoti anamtazama kama mtu anayechana noti.

Asubuhi ya siku ya pili nilidamka na nia moja, kufuta ushahidi. Nilikuwa nimeshafungua mfuko wa taka, kiunzi mkononi, aliponitokea mlangoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hiyo mifupa inakwenda wapi?"

"Naitupa. Imeshaisha."

"Nani kakwambia imeisha?"

Akaninyang'anya. Akakigeuza kiunzi chali, halafu kifudifudi, akaingiza kidole gumba kwenye kishimo kilicho mgongoni karibu na nyonga, akachokoa kipande cha nyama mviringo, kidogo kama jicho, nacho akakitia mdomoni. Akatafuna macho yamefumba. Upande wa pili kilikuwapo kingine, huo ukawa mgao wangu. Ilikuwa nyama laini kuliko yote niliyoonja tangu jana, na mimi nilikuwa naipeleka jalalani.

"Leta sufuria kubwa," akasema. "Na ile trei ya oveni, usiniambie umeiosha."

Sikuwa nimeiosha, kwa uvivu tu. Chini yake palikuwa na ukoko wa kahawia, mchuzi uliokauka na mafuta yaliyoganda. Shangazi akaiweka juu ya moto, akamwaga kikombe cha maji, akaanza kukwangua kwa mwiko wa mbao. Ukoko ukaachia, maji yakawa na rangi ya chai ya rangi, na jiko zima likanukia sikukuu upya. "Leo uvivu wako umetufaa," alisema.

Kiunzi tulikivunja kwa mikono mitatu, yake miwili na wangu mmoja, maana mwingine ulikuwa na plasta. Mbavu zikapasuka, mgongo ukakatika katikati, mabawa tukayatenga viungo, ngozi iliyobaki ikafuata. Tukamwaga maji baridi mpaka mifupa ikafunikwa, na ule mchuzi wa trei juu yake. Nilikuwa nimeshawasha birika kuharakisha mambo, akaizima. Maji yakipata moto polepole, povu linapanda juu taratibu nawe unaliengua. Ukianza kwa kuunguza linasambaratika humo humo, na supu inabaki na ukungu. Kisha vikaingia kitunguu kimoja na ganda lake, kwa ajili ya rangi, karoti mbili bila kumenywa, mabua ya figili, tangawizi iliyopondwa kwa ubapa wa kisu, na punje kumi hivi za pilipili manga. Nilinyoosha mkono kwenye chumvi, akanipiga kofi la kidoleni.

"Huyu ulishamtia chumvi. Maji yatapungua, chumvi haipungui."

Ilipokaribia kuchemka akapunguza moto, akainama, sikio karibu na sufuria, akapunguza tena. Nilitazama alichokuwa anakitafuta. Uso wa supu ulikuwa umetulia, matone ya mafuta yametapakaa kama sarafu, na mara moja moja kiputo kinapanda pembeni, kinapasuka, kinasukuma sarafu mbili tatu kando. Basi. Hakuna kingine kilichotokea kwa saa tatu, na kila nilipojaribu kuongeza moto nilisikia koo likisafishwa nyuma yangu.

Sababu nilikuja kuisoma baadaye. Kwenye viungo, ngozi na mabawa kuna kolajeni, protini iliyo ndani ya ile mishipa na gegedu tunayoitema tukila, na ikikaa muda mrefu kwenye maji ya moto mdogo inayeyuka na kuwa gelatini. Hiyo ndiyo inayofanya midomo inate kidogo ukinywa supu ya mifupa, na ndiyo inayoifanya igande kama jeli ikiingia friji. Ukiichemsha kwa fujo unayapigapiga mafuta mpaka yanachanganyika na maji, na supu inakuwa na tope. Shangazi hakutaja kolajeni hata siku moja. Alisema "iache inong'one."

Kwenye hiyo kazi ya kukaa na kungoja ndipo aliponiuliza kama nimempigia kaka kujua hali ya mtoto.

"Shangazi, yeye ndiye aliyeniangusha mimi."

"Sikukuuliza nani kamwangusha nani."

Nikachukua upawa nikaengua povu ambalo halikuwapo.

Saa tatu zilipotimia akaenda kuoga. "Mfupa wa bawa ukiachana wenyewe, chuja," aliagiza. Nilijaribu mfupa wa bawa, ukaachana. Nikachukua chujio kubwa, nikaliweka kwenye sinki, nikaishika sufuria kwa vitambaa viwili, nikamimina. Mifupa ikaanguka vizuri kwenye chujio, mvuke ukapanda, nikajisikia fundi. Nilikuwa nimefika karibu na nusu nilipoiona supu rangi ya dhahabu ikizunguka tundu la sinki na kuteremka.

Mkono ulikuwa umezoea tambi. Kwenye tambi unachotaka ni kile kilichobaki kwenye chujio, maji unayapa kwaheri. Niliirudisha sufuria mezani, nikasimama nikitazama tundu, kana kwamba ningeweza kulishawishi. Asubuhi nzima ya moto mdogo ilikuwa imeshafika mtaroni.

Shangazi alirudi, taulo kichwani. Akatazama sufuria, chujio, sinki, halafu mimi. Nilingoja. Hakufoka wala hakucheka, ingawa nadhani kucheka kulimgharimu.

"Mifupa unayo?"

"Ninayo."

"Irudishe motoni, sufuria nyingine."

Nikadhani ananihurumia tu, kumbe mifupa ikichemshwa mara ya pili bado ina la kutoa, jepesi kuliko la kwanza, lakini lipo. Nusu iliyookoka tukaichuja kwenye beseni, safari hii likiwa chini ya chujio mbele ya mashahidi, na beseni likakalishwa kwenye maji ya barafu ili lisikae vuguvugu muda mrefu, maana supu ya vuguvugu ndiyo inayochacha. Mifupa ikapata maji mapya. Kisha akafungua friji kutafuta karoti nyingine, akatoka na kibakuli nilichokuwa nimekisahau kabisa, chenye shingo na firigisi za jana, mbichi. Aliponionyesha ile shingo uso wake ulikuwa wa mtu aliyeokota pesa kwenye koti la zamani. Ikaingia nzima. Firigisi akazikatakata, nazo zikafuata.

Ni hapo, sufuria ya pili ilipokuwa inanong'ona, nilipotoka nje na simu. Kaka alipokea kwa sauti ya mtu ambaye hajalala. Homa ilikuwa kweli. Walikuwa wamekesha na mtoto, daktari kamwona, alfajiri ikashuka, na sasa ameamka anataka kula ila kila akipewacho anakisukuma. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine njia nzima kutoka jikoni hadi mlangoni. Nikasema, "Njooni basi. Tuna supu." Akauliza ya nini. Nikamwambia aje tu.

Kwa hiyo ikabidi iwe supu ya kushibisha, si ya kupasha koo. Shangazi aliengua mafuta yaliyoelea juu ya beseni, akayatia kwenye sufuria kavu, akakaanga humo kitunguu na vitunguu saumu mpaka vikalegea. Zikaingia karoti na viazi vya vipande vinene, na viganja viwili vya shayiri, kisha supu zote mbili, nzito na nyepesi, zikakutana. Dakika 40 hivi shayiri ilikuwa imevimba na kutoa uzito wake. Nilishangaa kidari bado kimekaa mezani.

"Hicho kilishaiva jana," akasema. "Ukikirudisha kichemke saa nzima utakiua mara ya pili."

Tukakichana kwa vidole kufuata nyuzi, vipande vya kutosha kijiko, tukakitumbukiza mwishoni, kikachemka dakika chache tu hadi moto ukakiingia. Sitasema kiligeuka laini kwa muujiza. Nyama iliyokauka imekauka. Ila ukiwa umezungukwa na supu nzito kila upande, ukavu wake hauna pa kukushikia. Nyama ya mapaja ikaingia nayo, chumvi ikaja sasa, kidogo, halafu akakamua nusu limau akanipa kijiko nionje. Kabla ya limau ilikuwa tamu. Baada yake iliamka.

Walikuja wote sita, mtoto amefungwa blanketi begani kwa mama yake. Shangazi alimpozea supu kwenye kikombe, akaitoa nyama, akamwachia viazi vilivyopondwa. Alikunywa kikombe chote, akalala papo hapo mezani, shavu juu ya mkono wa kaka. Kaka alikula kwa mkono wa kushoto asimwamshe.

Hakuna aliyetaja jana. Alimaliza bakuli, akajifuta mdomo, akatazama huku na huku kwenye meza.

"Na bata mzinga mwenyewe yuko wapi? Nilisikia ulinunua wa kilo 8."

"Ndiye unayemnywa," shangazi akamjibu.

Kaka akachungulia bakuli tupu, akafikiri kidogo.

"Chumvi imepungua," alisema, akanisogezea bakuli nimwongeze.