Haya ya Baba

Leo siku ya nne, na lile neno bado linanizunguka kichwani kama nzi aliyefungiwa chumbani. Lenyewe ni dogo mno. Ni "haya" tu.

Baba mnamjua. Miaka 31 ya malori, na maneno anayatoa kama mtu anayelipia kila silabi. Jumamosi alikuja kuliona Kasha, tela langu ninalolitengeneza niishi humo, kwa mara ya kwanza tangu nifunge kuta. Nilikuwa nimelifagia mara mbili. Nilikuwa hata nimepanga mwendo wa ziara: tuanzie mlangoni, tupite ukutani, tumalizie kwenye feni ya darini, naye awe anaguna polepole, ule mguno anaoutoa akiona kazi ya fundi anayejua anachofanya.

Akaingia ameinamisha shingo, maana dari lina mita 1.8 na yeye anapita hapo. Hakugusa ukuta. Alitazama kitanda, akatazama chini ya kitanda, akauliza:

"Tangi la maji liko wapi?"

"Nyuma kabisa, chini ya kitanda."

"La lita ngapi?"

"Tisini."

"Unaondoka lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Haya."

Basi. Ziara ikaishia hapo. Akatoka nje, akafungua buti la gari lake, akatoa ile mizani ya kukanyagia ambayo Mama hataki kuiona tena machoni pake, pamoja na kipande cha ubao wa mbili kwa nne. Akaviweka mlangoni. "Hivi nimekuletea, kwetu havina kazi." Akaaga, akaenda zake.

Tangu hapo nimeirudia hiyo haya kwa sauti zote. Kuna haya ya kukubali, ambayo huja na tabasamu kidogo. Haikuwa hiyo. Kuna haya ya kumwondoa mtoto, "haya, nenda kacheze," nayo huenda na mkono. Mikono yake ilikuwa mfukoni. Kuna haya ndefu ya kukata tamaa, ile inayotoka na pumzi, "haaaya," ambayo Baba humpa Mjomba kila akisikia biashara yake mpya. Ya kwangu ilikuwa fupi, imekatwa kwa kisu. Na kadiri nilivyoirudia ndivyo ile haya nyingine, ya usoni, ilivyonipanda.

Nilimpigia hata Dada. Nikamuuliza Baba akisema haya bila kushusha sauti mwishoni, hiyo ni haya ya namna gani. Akaniambia, "Mdogo wangu, nimezaa jana." Kweli, wiki hii Dada amejifungua salama, wa kiume, kilo 3.4, mimi nimerudisha funguo za nyumba, na Ijumaa ilikuwa siku yangu ya mwisho kazini, wakanizawadia saa kubwa ya ukutani, mimi ambaye kuta zangu zote sasa zina kabati. Lakini turudi kwenye haya.

Kilichoniuma ni ukuta. Angeuliza ukuta! Wiki sita za maisha yangu zimo ndani ya ule ukuta. Mnakumbuka usiku wa kwanza nilipolala humo kukiwa bado bati tupu, nikaamka kila kichwa cha skrubu kimetoka jasho, na matone yamejipanga kwenye nguzo za chuma kama shanga. Nilidhani paa linavuja. Kumbe nilikuwa mimi. Mtu mmoja akilala, pumzi na ngozi yake hutoa maji ya kujaza kikombe, na katika chumba cha mita 3.6 kwa 1.8 maji hayo hayana pa kwenda ila kwenye kitu chenye baridi kuliko vyote. Kitu hicho ni chuma. Chuma hupitisha joto mara mia kadhaa kuliko ubao, kwa hiyo hata ukijaza povu gumu la kuzuia joto katikati ya nguzo, nguzo zenyewe zinabaki njia ya baridi, moja kila sentimita 40. Ukizifunika kwa mbao ukajisifu, umeficha tu matone. Yatakuja kukusalimia baada ya mwaka, kwa harufu.

Ndiyo maana niliweka mbao za povu za sentimita 5 katikati ya nguzo, nikaziba kila ufa kwa povu la kopo, kisha juu ya kila nguzo, moja baada ya nyingine, nikabandika utepe wa povu wa sentimita 2, ndipo nikafunga plaiwudi. Nilipoteza upana. Kwenye Kasha kila sentimita ni jirani, ukiifukuza unaikumbuka. Sikutumia pamba ya kioo, ingawa ni rahisi zaidi, kwa sababu ikishanyonya unyevu nyuma ya ukuta hakuna anayejua imekauka lini. Feni ya darini inatoa hewa, kidirisha cha chini upande wa pili kinaingiza nyingine. Nililala humo tena mwezi uliopita, kukiwa na baridi ya kutosha, nikaamka nikapapasa ukuta wote kwa kiganja kama mtu anayetafuta swichi gizani. Mkavu. Nilitaka Baba aupapase pia. Ni hilo tu nilitaka.

Badala yake nikapewa mizani. Jumapili nzima niliitazama kwa jicho baya. Nilijiuliza ananiambia nimenenepa au ananiambia maisha ya tela yatanikondesha. Jumatatu nikaitumia kuegeshea mlango.

Jana jioni ndipo nilipouokota ule ubao nikitaka kuukata uwe rafu ya viungo. Nikaona penseli. Alama tatu, nyembamba, zimepigwa kwa rula: moja karibu na ncha, nyingine sentimita 30 kutoka hiyo, ya tatu kwenye 90.

Nilikaa chini palepale kwenye ngazi.

Kwa wasiovuta tela: pale mbele linapoungana na gari, tela linapaswa kulilalia gari kwa sehemu fulani ya uzito wake. Kwa tela kama Kasha, asilimia 10 hadi 15. Likilalia kidogo mno, maana yake mkia ni mzito, na tela lenye mkia mzito likishika kasi huanza kuyumba, kushoto, kulia, kila mara zaidi ya mara iliyopita, mpaka linalivuta gari badala ya kuvutwa nalo. Baba ameyaona haya barabarani. Hasimulii, ila nikiwa mdogo alikuwa akipita tela la namna hiyo anazima redio.

Na uzito huo hupimwa kwa vitu gani? Ubao, tofali na mizani ya bafuni. Ncha moja ya ubao unailaza juu ya tofali, ya pili juu ya mizani, shingo ya tela unaishusha kwa jeki iukalie ubao sentimita 30 kutoka kwenye tofali na 60 kutoka kwenye mizani. Mizani inabeba theluthi moja tu, haivunjiki, nawe unazidisha kwa 3. Nilikuwa nalijua hili! Limo kwenye daftari langu, ukurasa wa kwanza kabisa, kwa wino mwekundu. Sikuwahi kulifanya. Mwezi uliopita mizani ya malori ilinipa kilo 1,040, Kasha likiwa na kila kitu na tangi limejaa, na kwa kuwa kibao chake kinaruhusu 1,350 nilirudi nyumbani naimba. Uzito wote niliujua. Umekaa wapi, sikuuliza.

Nikaleta tofali, nikaleta tochi. Mizani ikasoma 17. Mara tatu, kilo 51. Hata asilimia 5 haifiki.

Halafu nikalikumbuka lile sakata la dirisha. Mnalikumbuka, nililiandika kwa hasira na leo naona haya kulisoma. Nilikata tundu kubwa mno, Baba akaanza kueleza jinsi ambavyo ningelipima, nami nikamwambia mbele ya Mama, "Baba, nikitaka ushauri nitaomba." Akasema sawa. Mimi nilisahau ilipofika jioni. Yeye hakusahau. Jumamosi alisimama ndani ya tela ambalo binti yake anataka kuliburuza barabarani na lita 90 za maji zimening'inia mkiani, na kwa kuwa alishaahidi, akauliza maswali matatu. Maswali si ushauri. La tatu lilikuwa kujua amebakiwa na siku ngapi. Halafu akaacha penseli iseme.

Nilicheka peke yangu mpaka jirani akawasha taa.

Leo asubuhi nimelimwaga tangi, nimefungua mikanda, nimekata mpira wa maji na kuunga mwingine mrefu zaidi, na nimelihamishia chini ya benchi. Kutoka mita 1.3 nyuma ya ekseli hadi sentimita 90 mbele yake. Kwa karatasi nilipata kwamba shingo ingeongezewa kama kilo 60, kwa sababu kilo 90 zimesogea mita 2.2, na kutoka ekseli hadi kwenye kiungio ni mita 3.3. Nikalijaza tena, nikarudi kwenye ubao wa Baba. Mizani ikasoma 37. Kilo 111. Sijawahi kuipenda hesabu shuleni namna hii.

Nikampigia.

"Baba, nimehamisha tangi."

"Limekwenda wapi?"

"Mbele ya ekseli, chini ya benchi. Kilo mia na kumi na moja."

Kimya. Nikamsikia anavuta kiti.

"Kwa hiyo nimeruhusiwa?"

"Kufanya nini?"

"Kusema."

"Sema, Baba."

"Ngoja nichukue karatasi."

Ana karatasi! Ana karatasi yenye mambo 14, aliyaandika Jumamosi usiku, na dakika hamsini nzima mtu asiyesema alisema. Niangalie tarakimu nne ubavuni mwa matairi, mbili za wiki na mbili za mwaka yalipotengenezwa, kwa sababu tairi la tela huzeeka limesimama, meno yote yakiwa bado mapya. Nikaze nati za magurudumu tena baada ya kilomita 80 za kwanza. Minyororo ya usalama nimeifunga sambamba, niikingamanishe chini ya shingo ili shingo ikichomoka ipate pa kuangukia. Tundu la kutolea gesi ya kupikia nimeliweka juu kama la moshi, wakati gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni kama maji, basi tundu lishuke. Fyuzi iwe jirani kabisa na betri, si huko mbali nilikoiweka kwa kupenda mpangilio. Lile dirisha kubwa mno amelipokea: jiko likiwaka moto karibu na mlango, mtu atatokea pale.

Namba nne ilikuwa ukuta. Alisoma hivi: "Namba nne, ukuta. Ukuta mzuri. Namba tano."

"Baba, hebu rudi namba nne."

"Namba nne imekwisha. Ukuta mzuri. Namba tano, taa za nyuma."

Sikumsikia vizuri kwenye namba tano, itabidi nimpigie tena. Namba kumi na moja sikubaliani nayo na sitaifanya. Mlango utabaki rangi ya machungwa, anayetishika afumbe macho. Namba kumi na nne alikataa kuisoma, alisema ni ya Mama, nitamuuliza mwenyewe.

Kesho nashusha lile tundu la gesi, na nikipata muda nitaiondoa fyuzi pale ilipo. Ubao nimeutundika juu ya benchi kwa misumari miwili, alama zikiangalia nje, hausogei hapo. Rafu ya viungo nitatafuta mti mwingine.

Ila sasa kuna jino. La juu, kulia, la pili kutoka mwisho. Tangu mchana nikinywa maji baridi linapiga hadi sikioni, na bima ya matibabu ilikuwa ya kazini, na kazi iliisha Ijumaa.